Koili imeungua? Nenda Gerezani, na ubebe na chuma chake

Karakana yenyewe, ya kusuka upya koili (waya uliozungushwa mara nyingi, ukipata umeme unakuwa sumaku), haina bango. Ukishuka mwendokasi kituo cha Gerezani, ukawapita wauza bolti na wachomelea mageti, unaingia kichochoro ambacho hata bajaji haipiti. Mlango ni wa bluu iliyopauka. Ndani kuna mzee mmoja, vijana wawili, mashine mbili za kusukia za mkono, na harufu ya vanishi itakayokufuata mpaka nyumbani. Nimepeleka kazi tatu pale tangu Machi, zote kwa pesa yangu, kwa hiyo haya ninayoyasema sikutumwa na mtu.

Nijitambulishe kidogo, maana ushauri wa koili kutoka kwa mtu asiye na mashine ni porojo. Nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda kwa miaka 14. Kiwanda kilipofungwa, mashine zikapigwa mnada, nami nikanunua ile ambayo hakuna aliyeitaka: mashine ya kumimina plastiki, ya Uingereza, ya miaka ya 1970. Leo iko Vingunguti kwenye banda la kupanga, inatoa vifuniko vya madumu. Ni nzito, inavuja oili, inanguruma kama lori la mchanga, na imesomesha wanangu wawili. Sina ugomvi nayo.

Moldi ya mashine hii, yaani kalibu ya kuundia vifuniko, inafungwa na kufunguliwa kwa haidroliki, msukumo wa oili. Kuna valvu moja yenye koili mbili, moja kila upande, kama masikio. Ya kushoto ikipata umeme inavuta chuma chake kiingie katikati yake, chuma kinasukuma pini ya valvu, oili inaelekea upande wa kufunga. Ya kulia ni ya kufungua. Sasa ya kulia ikifa, moldi inafunga halafu inabaki imeuma meno, na plastiki iliyomo inaganda humo humo. Ndivyo ilivyotokea Jumanne moja ya masika, nikiwa na oda ya vifuniko 6,000 vya mteja wa mafuta ya kula. Kwanza ilikuja harufu, kali, kama ya nywele zilizoshika moto, kisha moshi mwembamba, kisha fyuzi ikakata. Kijana wangu wa mashine akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeichoma.

Nilianza kwa kuulizia mpya. Muuzaji wa vifaa vya haidroliki alinitajia laki tatu na ishirini, nisubiri wiki tano, na bado hakuwa na uhakika kama itaingia, kwa sababu valvu yangu ni ya zile kavu za zamani ambazo chuma cha koili hakiogi ndani ya oili. Wiki tano! Mteja wangu hata siku tano hakuwa nazo.

Basi nikaenda kwa fundi wa kwanza. Simtaji, wala simtaji mtaa wake. Alinitoza 25,000, akaikata koili kwa kisu, akatupa waya ulioungua kwenye gunia la skrepa, akachukua waya mwingine akasuka mpaka bobini, kile kiunzi cha kuzungushia waya, ikajaa. Hakuhesabu. Nilisimama pale nikimtazama, mimi mtunza stoo ninayehesabu hata vibiriti, na sikusema kitu kwa sababu nilidhani mafundi wana hesabu yao kichwani. Saa mbili tu kazi imekwisha. Mashine ikawaka, nikamshukuru Mungu, nikamwombea na fundi. Alhamisi mchana ikaungua tena.

Ndipo mwenye karakana jirani akanielekeza Gerezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Umekuja na chuma chake?"

Nilikuja na koili peke yake, nimeiviringisha kwenye gazeti. Akaigeuzageuza, akainusa, kweli aliinusa, akauliza ilikuwa ya mashine gani. Nikaeleza. "Kwa hiyo ina pacha wake," akasema. "Pacha yuko wapi? Na valvu iko wapi?" Nikamwambia viko Vingunguti kwenye mashine. Akanirudishia gazeti langu. "Nenda ukavilete. Hii haikufa yenyewe, imeuawa. Nikikusukia tu, utarudi wiki ijayo na mimi nitakuwa nimekula pesa yako bure."

Nilichukia, nisikudanganye. Anayeijua foleni ya Buguruni saa kumi jioni atanielewa. Lakini kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni pale na kikapu cha sokoni: valvu imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, koili zote mbili, na vyuma vyake.

Alianza na pacha mzima. Akaweka mita kupima ukinzani wa waya: omu 94. Akaweka kwenye ile niliyosukiwa na fundi wa kwanza: omu 61. Akaguna. Kisha akaipachika kwenye mashine ya mkono, akarudisha kaunta kwenye sifuri, akawa anafumua waya taratibu huku namba zinapanda. Ilikuwa inang'ang'ania pale vanishi ilipoungulia, anaikwangua, anaendelea. Kaunta ilisimama kwenye 1,900 na ushei. Akachukua kipande cha waya, akaunguza utando wake kwa kiberiti, akaufuta kwa kitambaa, akaupima kwa mikromita: milimita 0.28.

Sasa, koili ya awali ilikuwa na mizunguko mingapi? Kumbukumbu yake ilikuwa imeshauzwa kwa kilo. Hapa ndipo mzee aliponipata. Alikwangua ncha ya waya wa pacha pale unapoungana na pini ya umeme, akapima: 0.25. Akapima kwa uzi mzunguko wa ndani kabisa na wa nje kabisa, akapata wastani wa sentimita 11 na nusu. Halafu kwa penseli, kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akapiga hesabu: waya wa shaba wa 0.25 wenye omu 94 una urefu wa karibu mita 268. Gawanya kwa sentimita 11 na nusu. Mizunguko 2,330 na kitu. "Tutasuka 2,340," akasema, akaandika, akapigia mstari. Ile karatasi niliiomba. Imebandikwa bandani kwangu juu ya paneli ya umeme, pamoja na tarehe.

Kwa hiyo nilikuwa nimepunjwa karibu mizunguko 440, na kuongezewa waya mnene. Mimi ningedhani waya mnene ni zawadi. Mzee akasema kwa koili ya AC, yaani ya umeme wa kawaida wa gridi unaogeukageuka, ni kinyume: kinachouzuia umeme pale si omu za waya tu, ni wingi wa mizunguko pamoja na kile chuma kilichokaa katikati. Punguza mizunguko kwa moja ya tano, mkondo unapanda kwa nusu na zaidi, koili inakuwa jiko.

Lakini hiyo ilikuwa sababu ya kifo cha pili. Cha kwanza je? Koili ya Waingereza iliyodumu miaka yote hiyo iliungua kwa nini?

Aliuliza maswali mawili. La kwanza: kuna uwezekano koili zote mbili zinapata umeme kwa wakati mmoja? Maana zikivutana, kimoja cha vyuma viwili lazima kibaki nje, na koili ya AC ambayo chuma chake hakijaingia mpaka mwisho haichukui muda. Nikampigia fundi wangu wa umeme, akaenda kukagua relei, zile swichi zinazozipa koili umeme, jioni ile, zilikuwa salama. La pili hakuuliza kwa mdomo. Alichukua bisibisi, akasukuma pini ya valvu kwa mkono. Iliingia nusu ikagoma.

Akafungua valvu, akaosha kwa mafuta ya taa kwenye sufuria iliyokatwa masikio, akatoa kwa kibano kipande cha mpira mweusi, kidogo kama punje ya ulezi. Kimetoka kwenye sili fulani, mpira wa kuzuia oili isivuje, ndani ya mashine, kikasafiri na oili, kikaenda kukwama pale. Pini haimalizi safari, chuma hakimalizi safari, koili inaungua. Hicho ndicho kilichonigharimu nusu ya oda ya vifuniko 6,000. Ninacho bado, kwenye kiboksi cha dawa.

Siku ya kuchukua kazi alinionyesha jambo hilo kwa macho. Aliunganisha koili mpya, akakishika chuma kwa koleo kisiingie, kwa sekunde mbili tu. Mita ya kubana waya ikaruka ikapita ampia 2. Akakiachia, kikagonga ndani, tak, na mita ikashuka mpaka robo ampia. "Umeona wabeba mkokoteni wa Kariakoo?" akaniuliza. "Kuuondoa pale ulipo ndiko kunakovunja mgongo. Ukishatembea, unasukumwa na mtoto. Sasa wewe fikiria mtu anaondoa mkokoteni saa nzima na hauondoki." Sijasikia maelezo bora zaidi ya haya, na nimekaa na mainjinia miaka 14.

Kuhusu kazi yenyewe. Bobini yangu ilikuwa imeyeyuka, akaitengeneza upya kwa karatasi ngumu ya kihami, isiyopitisha umeme, akaikata kwa wembe na kuigundisha, ikakaa kwenye chuma bila kuchezacheza. Waya alioutumia ni wa kuvumilia nyuzi 180, ile wanayoiita daraja H, ingawa ya zamani ilikuwa ya daraja la chini. Akaniambia tofauti ya bei ni ndogo na banda langu ni la bati. Mafundi wa umeme wana kanuni yao kwamba kila nyuzi 10 unazozidisha, umri wa kihami unakatika nusu, na Vingunguti mwezi wa pili si mahali pa kufanyia majaribio. Kila tabaka chache anaweka karatasi nyembamba. Ncha za waya zinapita kwenye kimrija cha nyuzi za kioo kabla ya kufika kwenye pini za umeme. Vyote hivi utaviona ukiwa umesimama pale, hafichi.

Ukaushaji ndio ulionichekesha. Oveni yake ni sanduku la bati la zamani lenye balbu nne ndani, zile za waya wa kuwaka mwekundu. Koili inaingia humo kwanza ikiwa kavu, ipate joto na itoe unyevu, kwa sababu hewa ya Dar imejaa bahari na ukifungia unyevu ndani ya vanishi umejichimbia kaburi. Ndipo inazamishwa kwenye vanishi mpaka mapovu yaishe, inaning'inizwa ichuruzike, inarudi sandukuni usiku kucha. Shida yake kubwa siku hizi, anasema, ni kupata hizo balbu. Madukani zimejaa za LED ambazo hazipashi hata kidole. Mimi nilikuwa nazo sita stoo nyumbani. Nilimpelekea.

Waya anaununua Kariakoo yeye mwenyewe na anaujaribu mbele yako. Anakwangua ncha, anaikata kwa wembe, anatazama moyo wa waya kwa kioo cha kukuzia. Ukiwa mweupe katikati, hiyo ni alumini iliyovikwa shaba, anaurudisha dukani. Zipo nyingi sokoni. Alumini ina ukinzani zaidi ya shaba kwa kama mara moja na nusu, kwa hiyo hata ukihesabu mizunguko vizuri, joto litakusaliti.

Kazi ya pili ilikuwa kontakta ya hita, swichi kubwa inayovutwa na koili, iliyokuwa ikivuma kama nyuki. Nilikwenda nimejiandaa kulipia koili. Akaifungua, akanionyesha kipete cha shaba kilichozama usoni mwa chuma, kimepasuka. Kipete hicho ndicho kinachokishika chuma ule wakati mfupi mkondo wa AC unapopita kwenye sifuri. Kikikatika, chuma kinaachia na kushika mara 100 kwa sekunde, na huo ndio mvumo. Akatengeneza kingine, akakichomelea, akasugua uso ukawa bapa. Koili hakuigusa. Shilingi 10,000. Angeweza kunisukia koili isiyo na kosa, akachukua 40,000, na nisingejua mpaka leo.

Kazi ya tatu aliikataa. Ilikuwa koili ya kisasa ya valvu ndogo ya hewa, imemiminiwa plastiki ngumu pande zote. "Hii kanunue, ni elfu ishirini na kitu. Kuipasua tu ni kazi ya siku."

Jirani yangu wa banda naye alimpelekea koili ya mashine yake ya Kimarekani, iliyoandikwa 60 Hz, yaani ya umeme wa mawimbi 60 kwa sekunde. Hapa kwetu umeme ni 50, kwa hiyo koili hiyo tangu siku ya kwanza ilikuwa inafanya kazi na joto lisilo lake. Mzee aliongeza mizunguko kwa moja ya tano, akapunguza unene wa waya ili vyote vienee. Jirani anasema kelele imepungua na koili inashikika kwa mkono. Hiyo mimi sikuipima, nasema ya jirani.

Sasa malalamiko, maana yapo.

Aliniahidi Alhamisi, nikapata Jumamosi saa sita. Sababu niliijua baadaye: kijana wake alikatisha waya akiwa kwenye mzunguko wa 1,700, akataka kuunga na kuendelea. Mzee akamfumulisha wote, waanze upya, kwa kuwa kiungo kilicho katikati ya koili ndicho mahali pa kwanza kuungua. Namheshimu kwa hilo. Lakini simu ipo, na ujumbe mfupi ni shilingi ngapi? Mimi nimekaa na mteja masikioni siku mbili nikimwambia "leo jioni". Simu ya mzee ikiwa imezimwa, imezimwa, na vijana wake hawasemi lolote bila yeye.

Risiti ni ya kuandika kwa mkono. Mwenye kampuni inayohitaji risiti ya mashine kwa ajili ya mahesabu yake ajue hilo mapema, asije akagombana naye mlangoni. Kiti cha mteja hakuna, kuna debe. Ijumaa baada ya saa sita hayupo mpaka saa tisa. Na anadai nusu ya malipo mkononi kabla ya kununua waya, jambo ambalo kwa mtu usiyemjua linatia wasiwasi. Nilimlipa kwa simu, nikauhifadhi ujumbe, mazoea ya stoo.

Bei: koili yangu ilikuwa 60,000 pamoja na waya na kusafisha valvu. Ni zaidi ya mara mbili ya fundi wa kwanza. Ukijumlisha 25,000 iliyoungua, nauli, siku za kusimama, na mteja aliyechukua nusu ya oda akapeleka kwingine, utaona ipi ilikuwa ghali. Daftari langu linaona.

Vipimo vya mwisho alivyoniandikia: omu 93, megga ya volti 500, mita ya kupima kihami, ikasoma zaidi ya megaomu 200, mkondo wa kushikilia ampia 0.25. Hiyo ilikuwa Machi. Sasa ni Septemba, mashine inafunga na kufungua mara mbili kwa dakika, siku sita kwa wiki. Kila Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha nasukuma pini za valvu kwa bisibisi pande zote mbili, na nimeweka chujio jipya la oili. Koili zote mbili nazigusa kwa nyuma ya mkono wakati wa chai. Zina joto la kawaida, pacha na pacha.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile Alhamisi, na nilimwambia hivyo mwenyewe. Alicheka.

Ukitaka kwenda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, uliza kwa wauza bolti "kwa mzee wa koili", watakuonyesha kwa kidole. Kibao cha koili kama kinasomeka, kipige picha kabla hujakifuta oili. Usikubali mtu yeyote njiani akujaribie koili ya AC kwenye umeme ikiwa tupu bila chuma chake, utafika pale na maiti. Na ukifika mzee hayupo, yule kijana mrefu, aliyekatisha waya wangu, atatazama kwanza mikono yako kabla hajaitikia salamu: "Mama, chuma chake kiko wapi?"